Pesa za upatu ni 7,000: paa la mama Tanga, au wiki mbili za chuo kikuu kwa binti yangu?

Mpendwa mshauri,

Salaam nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa 11. Kazi yangu ni STNA, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Mume wangu anaendesha lori, wiki yupo, wiki hayupo. Sote tuna green card.

Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko darasa la 11 katika shule ya serikali hapa jijini. Anasoma vizuri, na tangu akiwa mdogo anasema atakuwa daktari. Mwezi wa 12 ilikuja bahasha nene kwa jina lake, karatasi ngumu, muhuri wa dhahabu, imeandikwa kwamba ameteuliwa miongoni mwa wanafunzi bora kuhudhuria mkutano wa viongozi wa kesho wa fani ya tiba. Siku tisa, dola 4,200. Nilifurahi nikaibandika kwenye friji. Yeye aliiangalia tu, hakusema kitu. Kumbe kuna jingine aliliomba mwenyewe: programu ya kiangazi ya wiki mbili kwa wanafunzi wa sekondari, katika chuo kikuu cha pwani ya mashariki ambacho hata Tanga wanakijua kwa jina. Insha aliandika usiku mimi nikiwa kazini. Wiki iliyopita wamemkubali. Ada ni dola 5,800, pamoja na kulala na kula. Wanataka 1,000 za kushika nafasi ndani ya siku 16, na hazirudishwi.

Hela ninayo, na ndiyo shida. Tuko wanawake 14 kwenye upatu, kila mwezi dola 500, na mwezi wa pili ni zamu yangu: 7,000. Lakini hizo nilishamwahidi mama yangu. Paa lake limeoza. Mdogo wangu alinitumia video wakati wa mvua za vuli, ndoo nne sebuleni na mama amekaa katikati anakuna nazi kama hakuna kitu. Fundi ameshapima. Nilisema kabla ya masika litakuwa limeezekwa.

Mume wangu anasema chuo cha kulipia ni kile unachoingia, hiki cha kwenda kutembelea akitazame kwenye simu. Shoga yangu mmoja ananiambia mtoto wa jirani yake alikwenda programu ya namna hiyo, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikubwa kwa ufadhili. Binti mwenyewe aliniambia maneno haya: "Mama, wenzangu wote wana kitu cha kuandika kwenye fomu za chuo. Mimi nitaandika nini? Kwamba nilikaa na wadogo zangu?" Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma.

Pia naogopa. Hajawahi kulala nje ya nyumba isipokuwa kwa shangazi yake. Bweni lina wavulana. Chakula chao sikijui, na sala je?

Na kuna jambo sijamwambia. Msimamizi wangu kazini anamjua, akaniambia kiangazi hiki wako tayari kumfundisha u-STNA na kumwajiri. Kiangazi kilichopita aliuza aiskrimu wiki kumi akapata 2,300, kwa hiyo hii ingemlipa zaidi. Lakini sikuvuka bahari ili mwanangu aje ageuze wazee kitandani kama mimi. Nimenyamaza. Nafanya vibaya? Na pesa niielekeze wapi?

Mama wa Columbus

*

Dada yangu Mama wa Columbus,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye ndoo nne. Mama aliyeko Tanga hajakudai, na binti aliyeko Columbus hajakudai. Kila mmoja amenyamaza kwa heshima yako, na ukimya wao ndio unaokulemea. Ungekuwa huwapendi, usingeandika.

Naona mambo matatu yamefungwa katika kanga moja: pesa ambayo tayari ina mwenyewe, thamani ya hizo wiki mbili, na hofu ya binti yako kwamba maisha yake hayana cha kuandikwa. Tuyafungue moja moja, maana kila moja lina dawa yake.

Kwanza, bahasha mbili ulizopokea si za ukoo mmoja. Ile yenye muhuri wa dhahabu, kwa jinsi ulivyoieleza, ni tangazo la biashara. Kampuni za namna hiyo hukodi mabweni na kumbi, wakati mwingine za chuo chenye jina, kisha huuza siku chache za mihadhara na matembezi. Neno "umeteuliwa" linampendeza mzazi, lakini jiulize: walimteua kwa kuangalia nini? Hakuomba, hakuna mwalimu aliyeandika barua, alama zake hawakuzisoma. Kwa miaka mingi majina yamepatikana kwenye dodoso ambazo wanafunzi walijaza shuleni walipofanya mitihani kama PSAT, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa kuingia chuo, wakiweka tiki kukubali "kupata taarifa za vyuo". Biashara ya majina hayo si siri. Mwaka 2024 College Board, wenyewe wa mtihani huo, walikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kulipa dola 750,000 kwa sababu ya kushiriki na kuuza taarifa za wanafunzi wa jimbo hilo. Kwa hiyo binti yako alipoitazama ile karatasi bila kusema neno, huenda alikuwa ameshaielewa. Unaweza kuitoa kwenye friji bila kumvunjia mtu heshima.

Ya pili ni tofauti. Hii ni ya chuo chenyewe, ameiomba, ameandika insha, wamemsoma, wamemkubali. Hilo ni lake, na kama hujampongeza bado, mpongeze leo kabla ya kuzungumza habari ya dola. Ila ni vizuri kujua mlango alioingilia. Programu nyingi za kulipia za wiki mbili huendeshwa na kitengo cha chuo kinachoshughulikia kozi za kiangazi na elimu endelevu. Harvard, kwa mfano, ndivyo walivyopanga. Ofisi ya udahili, ile itakayosoma fomu zake mwaka ujao, iko kwingine na ina watu wengine. Kuhudhuria kiangazi hakumwekei nafasi, na hakuna chuo kinachoahidi hivyo.

Sasa yule mtoto wa jirani wa shoga yako. Alikwenda, akaingia, na simkatalii. Lakini je, aliingia kwa sababu alikwenda? Anayekubaliwa kwenye programu hizo mara nyingi ana alama nzuri tayari, na anayeweza kulipa 6,000 kwa siku 14 mara nyingi ana mwalimu wa ziada, shule yenye masomo mengi ya juu, na mzazi aliyepitia vyuo vya hapa. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Wanaosoma fomu za vyuo wanazijua vizuri programu zinazolipiwa, na wanajua kuzitenganisha na zile ambazo mtoto hatozwi kitu.

Hizo za pili ndizo ambazo jina lake lina uzito. RSI, programu ya utafiti wa sayansi iliyoanza 1984 na ambayo sasa hufanyika MIT, chuo kikuu maarufu cha sayansi na teknolojia, haitozi ada na huchukua kundi dogo sana. MITES, hapohapo MIT, ilianza 1975: wiki sita, kwa walio darasa la 11, raia au wenye green card, mzazi anahangaikia usafiri tu. Semina za Telluride, zilizoanza 1954, ni za fasihi, historia na fikra. Masomo, malazi na chakula havina malipo, na wasio na uwezo husaidiwa nauli. Kwa wapenzi wa hesabu kuna Ross, iliyoanzishwa 1957 na kukulia hapo kwenu Ohio. Hiyo ina ada, lakini kuna msaada, na mtu huingia kwa kutatua maswali magumu ya hesabu, anapewa wiki kadhaa ayahangaikie nyumbani. Ubaya ni kwamba nyingi hufungua maombi vuli na kuyafunga kati ya Desemba na Februari. Kwa binti yako mlango wa kiangazi hiki karibu umefungwa, isipokuwa akimbilie zilizobaki wiki hii. Najua linauma kusikia hivyo, maana hakuna aliyewaambia Septemba. Watoto wengi wa wahamiaji hukosa kwa sababu hiyo tu: habari huja kwa bahasha ya dhahabu, na zile za bure hazitumi bahasha.

Iko moja ambayo haijachelewa. Shirika la QuestBridge lina mpango wa wanafunzi wa darasa la 11 wenye kipato kidogo, maombi kwa kawaida hufungwa mwezi wa tatu. Hakuna ada ya kuomba, na hawaangalii uraia mradi mtoto anasoma sekondari Marekani. Anayechaguliwa hupata ushauri wa maombi ya vyuo na nafasi mbalimbali, na huwa amejipasha moto kwa ule mpango wao mkubwa wa mwaka wa mwisho, wa ufadhili kamili wa miaka minne. Insha aliyoandika usiku ule anaweza kuanzia hapo.

Baada ya kusema haya, nisiwe mkali kwa hizo wiki mbili. Zina faida yake. Mtoto atalala bwenini na mwenzake asiyemjua, ataamka mwenyewe, atakaa darasani saa kadhaa kwa siku na watu wa umri wake wanaopenda anachokipenda. Kwa msichana ambaye jioni zake zote ni za wadogo zake, hilo si dogo. Huenda hata anachokitamani ni hicho, na fomu za chuo ni kisingizio cha heshima. Kasoro ziko pengine. Siku za masomo zenyewe ni kama kumi. Kozi nyingi za urefu huo hazina krediti, yaani hazihesabiwi kwenye digrii. Mwalimu mara nyingi si yule profesa mwenye jina, na kwa siku kumi hamjui mwanafunzi vya kutosha kumwandikia barua ya maana. Cheti cha mwisho hakina uzito kokote.

Tuhesabu na pesa, maana 5,800 si bei kamili. Weka tiketi ya ndege kwenda na kurudi, tuseme 400. Shuka, taulo na sabuni ya kufulia, 100. Pesa ya mfukoni ya wiki mbili, 250. Tumefika 6,550. Halafu aliuza aiskrimu wiki kumi akapata 2,300, maana yake wiki mbili za kutokuwepo ni kipato cha 460. Jumla 7,010. Upatu wote, na dola kumi juu. Kwa hiyo ukisema ndiyo kwa bei hii, usijipe moyo kwamba kitabaki cha kununua hata misumari ya Tanga.

Lakini nani alisema bei ni hii? Hukuandika kama mliomba msaada wa fedha. Programu nyingi za vyuo vyenyewe zina fungu dogo kwa wenye kipato kidogo, na huisha mapema kwa wanaouliza mapema. Binti aandike barua pepe fupi kwa ofisi ya programu: nimekubaliwa, nashukuru, familia yetu haiwezi kulipa ada kamili, naomba kujua kama kuna msaada uliobaki, na naomba tarehe ya malipo ya kushika nafasi isogezwe mpaka nijibiwe. Aambatishe fomu yenu ya kodi ya mwaka uliopita, ile 1040, na W-2, zile karatasi za mshahara wa mwaka, zako na za baba. Akikaa kimya mpaka siku ya 15, atakuwa hana la kuomba. Katika barua hiyohiyo aulize tarehe za kurudishiwa pesa. Mara nyingi kuna tarehe ambayo baada yake hurudishiwi hata akiugua, na huwa ni kabla ya kiangazi chenyewe kuanza.

Kuhusu hofu yako ya bweni, usione haya kuuliza, na uulize kwa maandishi ili ujibiwe kwa maandishi. Wasichana wana ghorofa yao, au vyumba tu? Bafu ni la wasichana peke yao? Saa ya kurudi bwenini ni ngapi, na nani anahesabu watoto usiku? Jikoni kuna nyama halali, au atakula mboga na samaki wiki mbili? Kuna mahali pa kusali, na ratiba ya Ijumaa inamruhusu kwenda msikitini? Vyuo vingi vikubwa vina jumuiya ya Waislamu na chumba cha sala, lakini kuwepo chumba na mtoto wa miaka 16 kuruhusiwa kukifikia ni mambo mawili. Nani anampokea uwanja wa ndege? Ofisi ambayo imezoea watoto wa watu itakujibu kwa siku mbili na kwa undani. Ikikujibu kwa kukutumia picha za bustani, umepata jibu lako pia.

Sasa nije kwenye lile lililokuuma: "Kwamba nilikaa na wadogo zangu?"

Fomu inayotumiwa na vyuo vingi, Common App, ina sehemu ya shughuli. Nafasi ni kumi, na kila moja ina herufi 150 tu za maelezo. Kwenye orodha ya aina za shughuli kuna majukumu ya familia, na kuna kazi ya malipo. Viko pale kama shughuli nyingine yoyote. Lakini vijana wengi hawaandiki maisha yao, wakidhani hayahesabiki. Kosa linalofanyika ni kuandika kwa ufupi mno: "namsaidia mama". Akae na karatasi ahesabu. Mama anapokuwa kazini usiku, nani anawaamsha wadogo, anawapa chai, anawapeleka kwenye basi? Saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka? Nani anajaza fomu za kliniki, nani anakutafsiria barua za shule? Mfano wa mstari: "Nalea wadogo 2 usiku 5 kwa wiki mama akiwa kazini: chakula, masomo, basi la asubuhi, natafsiri barua za shule na za kliniki." Huo unaingia kwenye herufi 150, na msomaji wa fomu akiuona atarudi kuzitazama alama zake kwa jicho jingine. Mtoto wa alama hizo na saa hizo hana aibu ya kujificha. Aiskrimu nayo inaandikwa.

Hiyo haina maana kwamba kiangazi kijacho kiende bure. Hapo kwenu mna jambo moja zuri, na huenda shuleni walilitaja kwenye kikao ambacho ulikuwa umelala baada ya shifti. Ohio ina mpango unaoitwa College Credit Plus. Mwanafunzi wa darasa la 7 mpaka la 12 anasoma kozi halisi za chuo, na akienda chuo cha umma mzazi halipi ada wala vitabu. Kiangazi kimo pia. Columbus State ni chuo cha umma na kiko mjini kwenu. Anaweza kuchukua baiolojia au kemia ya mwaka wa kwanza, akapata krediti, na vyuo vya umma vya Ohio vina utaratibu wa kuzipokea kozi za msingi, uitwao Ohio Transfer 36. Fomu ya nia ya kushiriki iwe imefika shuleni kabla ya tarehe 1 Aprili. Tarehe hiyo ikipita, kiangazi kimepita. Kisha aombe kwa chuo chenyewe, na huko wataangalia matokeo ya mtihani wa kupima utayari, au wastani wa alama usiopungua 3.0.

Na hatari yake nikwambie. Hii si kambi. Alama anayopata inakaa kwenye rekodi yake ya chuo maisha yake yote, na shule za udaktari huko mbele zitaiomba. Kozi ya miezi minne kiangazi husukumwa kwenye wiki nane au pungufu, hivyo kemia na maabara yake pamoja na kazi ya saa 30 kwa wiki huwaangusha hata wazuri. Akifeli, wilaya ya shule inaweza kudai gharama. Kozi moja inatosha, na ajue tarehe ya mwisho ya kujitoa bila adhabu. Vyuo vya binafsi na vya majimbo mengine huamua vyenyewe kama vitazipokea krediti hizo.

Umetaja u-STNA, na umenyamaza. Naelewa kwa nini. Umeijua kazi hiyo kwa mgongo wako. Ila naomba tulitazame upande wa pili, kwa upole. Kwako ni kazi ya kulisha nyumba. Kwa msichana wa miaka 16 anayesema atakuwa daktari, inaweza kuwa saa 75 za mafunzo ambazo zitamwonyesha jambo ambalo wiki mbili za mihadhara hazitamwonyesha: kwamba mgonjwa ana harufu, ana hasira, ana aibu, na anahitaji kuoshwa na mtu anayemwita kwa jina lake. Baadhi ya vijana wakiona hivyo huacha ndoto ya udaktari, na ni afadhali waiache mapema. Wengine hushikwa nayo zaidi. Sheria ya shirikisho inakataza nyumba ya wazee kumtoza mafunzo mtu iliyemwajiri tayari. Yeye ni chini ya miaka 18, kwa hiyo haruhusiwi kuendesha peke yake mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, lazima awe anamsaidia mtu mzima aliyefunzwa. Msimamizi aseme hilo mapema, maana zamu ikikosa watu ndipo watoto huambiwa "hebu jaribu". Na kwa umri wake wataomba vipimo na chanjo.

Hofu yako kwamba ataingia hapo asitoke, ni ya kweli pia. Mshahara wa kwanza ni mtamu, na wako vijana wanaosema nitakwenda chuo mwakani, mwakani, mwakani. Wewe ndiye unayemjua. Lakini kuna jambo naliuliza tu: ukimficha, na siku moja akasikia kutoka kwa huyo msimamizi, atadhani umeificha kazi kwa sababu unamlinda, au kwa sababu unaionea aibu? Yeye kwenye fomu zake anataka kuandika jambo la kujivunia. Pengine hajui kwamba mama yake analo.

Kwa Tanga sasa. Ahadi kwa mama ina tarehe, na tarehe yake ni mvua. Masika huanza mwezi wa tatu, na pesa yako inatoka mwezi wa pili, kwa hiyo fundi ana wiki chache. Salio la programu, kwa upande wake, kwa kawaida hudaiwa miezi kadhaa baada ya ile 1,000 ya kwanza. Uliza tarehe. Pengine mambo hayo mawili hayagongani kwa siku moja kama yanavyogongana kichwani mwako saa tisa usiku. Mwambie mdogo wako amwombe fundi hesabu iliyogawanywa: makenchi mbali, mabati mbali, ufundi mbali. Kama mchwa umefika kwenye mbao, mabati mapya juu ya kenchi iliyoliwa ni hela iliyotupwa, hivyo mbao zilizotiwa dawa ndizo za kwanza. Ulizia pia geji, maana bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, na mafundi wengine hupiga hesabu ya moja wakaleta jingine. Inawezekana sebule na chumba anacholala mama vikaezekwa kabla ya masika, na jiko likasubiri kiangazi. Inawezekana pia mmoja wa wenzako 13 akakubali mbadilishane zamu, au ukamwomba mama wa upatu nusu sasa na nusu baadaye. Wanawake wa upatu wameshasikia makubwa kuliko hili.

Mume wako naye asiachwe nje. Anachosema, kwamba chuo cha kulipia ni kile unachoingia, kina mantiki. Kama shule ya binti iko chini ya Columbus City Schools, wahitimu wake tangu 2022 wana Columbus Promise, inayowalipia ada Columbus State. Ohio State, chuo kikuu cha jimbo, tangu 2018 inawahakikishia wanafunzi wa Ohio wanaostahili ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, kwamba ada yao ya masomo itafunikwa. Lakini ada si chakula, wala si kodi ya chumba, na hapo ndipo 7,000 ya leo ingeweza kuwa na kazi nyingine ya tatu. Hata hivyo, mtoto aliyeambiwa "tazama kwenye simu" husikia kwamba ndoto yake ni ya picha tu. Baba anaweza kukataa bei bila kukataa safari.

Mmoja wa hao wadogo akiwa karibu na sekondari, muulize mshauri wa shule kuhusu Upward Bound, mpango wa kuwaandaa wanafunzi kwa chuo. Ni ya serikali kuu, ilianzia kwenye sheria ya 1964 ya kupambana na umaskini, ni bure, na ina wiki za kiangazi chuoni. Inachukua watoto wa kipato kidogo na wale ambao wazazi wao hawana digrii, ila si kila shule inahudumiwa. Anayeanza darasa la 9 hufaidi kuliko anayeanza la 11.

Wiki hii usiku usio wa kazi, mkae wewe na binti, bila wadogo, bila simu. Mwonyeshe video ya Tanga. Mweleze upatu, mwambie 7,000 ni ya nini na ilitoka wapi. Hii si kumtwika mzigo, ameshabeba mingine mikubwa. Mwambie na habari ya msimamizi. Kisha umuulize maswali mawili: kama programu isingekuwa na jina la chuo hicho, ungetaka bado kwenda? Na kama usingeruhusiwa kuiandika kwenye fomu yoyote, ungetaka bado? Mwache afikiri, asijibu palepale kwa kukufurahisha. Akisema ndiyo mara zote mbili, basi anatamani jambo halisi, na mtalitafutia njia kwa bei mnayoweza, mwaka huu au mwingine. Akisita, mtajua mnazungumzia kitu gani.

Lakini ile barua pepe ya kuomba msaada na kuomba tarehe isogezwe, aitume kesho asubuhi kabla ya shule, hata kabla ya mazungumzo hayo. Haigharimu kitu, haiwafungi kwa lolote, na kati ya zile siku 16 kadhaa zimeshapita barua yako ikiwa njiani.